Madam na Chembe Nyeupe

Jina alikuwa nalo, na lilikuwa limeandikwa kwenye beji aliyoibana kifuani kila asubuhi, lakini katika miaka tisa niliyofanya kazi naye sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Mlinzi wa getini alimwita Madam. Madaktari waliotoka Nairobi mara mbili kwa wiki, watu wa digrii juu ya digrii, walimwita Madam. Hata mume wa mgonjwa aliyefika na hasira zake, akipaza sauti pale mapokezi kwa sababu ya foleni, alipomwona akitoka kwenye chumba cha picha alishusha sauti na kusema, "Pole, Madam." Nami nitamwita hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za matiti. Kituo chetu kiko Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Dirisha la chumba cha kubadilishia nguo linatazama mabati ya majirani, na nyuma ya mabati hayo kipande cha nyika ambacho bado hakijajengwa. Mimi nilifika pale nikiwa nimetoka chuoni, nina cheti kipya na maneno mengi ya vitabuni. Yeye alinitazama kutoka juu mpaka chini, na kwa kuwa alikuwa mfupi, kunitazama huko kulimchukua muda.

"Unaitwa nani?"

"Njeri."

"Njeri, nionyeshe mikono."

Nikamwonyesha. Akaishika, akasema, "Ni baridi. Kama yangu. Tutakuwa na kazi."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona akimpokea mgonjwa wa kwanza. Alikuwa na taulo dogo la bluu alilolilowesha kwenye maji moto na kulikamua. Kabla mgonjwa hajaingia, alilitandaza juu ya bamba la mashine, lile ambalo titi hulazwa na kubanwa, kisha akalipangusa likauka. Halafu alisugua viganja vyake kwa nguvu mpaka vikawa vyekundu. Asubuhi za Julai, upepo wa Kitengela unapopenya hadi kwenye mifupa, bamba lile huwa kama barafu. "Titi halikuja hapa kuadhibiwa," alisema.

Wamama wa Kimaasai waliotoka Isinya na Kajiado aliwaamkia kwa lugha yao. "Takwenya, yeyo!" yaani, hujambo, mama. Nao waliitika, "Iko!" Baada ya hapo aliendelea na Kimaa kibovu kabisa, kilichojaa lafudhi ya kwao Murang'a, na wale wamama walicheka hadi wakajifunika uso kwa shuka. Nilidhani hajui kwamba anachekwa. Siku moja nikamwambia kwa adabu kwamba neno fulani halitamkwi hivyo.

"Najua," akasema. "Mtu akicheka, anateremsha mabega. Akiteremsha mabega, picha inatoka vizuri."

Kitu alichokitafuta katika picha zile kilikuwa kidogo sana. Watu wengi hudhani mashine yetu inatafuta uvimbe, na ni kweli, lakini Madam alisema uvimbe hata shangazi yako anaweza kuupata kwa mkono. Alichokitafuta yeye ni chembe za chokaa, alama nyeupe ndogo mno ambazo mwili huziweka ndani ya titi. Nyingi hazina neno. Zinakuja na umri tu. Lakini zikikusanyika mahali pamoja, zina kingo zisizo sawa na zimesongamana, pengine ndizo dalili ya kwanza ya saratani, miaka kabla ya mkono wowote kuhisi kitu. Wagonjwa aliwaeleza hivi: "Chukua nguo nyeusi, mwagia unga kidogo sana, halafu uipeperushe. Zile punje zinazobaki zimeshikana, hizo ndizo tunataka kujua zimekuja kufanya nini."

Alikaa mbele ya skrini akiwa na lenzi ya kukuzia, pua ikikaribia kugusa kioo, na aliweza kukaa hivyo robo saa nzima bila kusema lolote. Subira hiyo ilikuwa ya picha peke yake. Msongamano wa magari barabara ya Namanga ulimtia wazimu. Chai ikichelewa dakika tano, alisimama mlangoni akiwa amejishika kiuno. Na vitu vyake mwenyewe havikuwa na mpangilio hata kidogo. Alikuwa amenunua kiwanja Kimuka, upande wa Ngong, na mbuzi wanne, wote majike, na kila Jumatatu alikuja na malalamiko kwamba mbuzi wake wamechanganyika na wa jirani. Jirani huyo, mzee wa Kimaasai, alifika kituoni siku moja akimsindikiza mkewe, akamkuta Madam akimwonyesha daktari chembe ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Mzee alitazama, akatikisa kichwa.

"Huyu mama," akatuambia, "anaona kitu kama hicho ndani ya mtu. Lakini mbuzi yake mwenyewe hajui. Jana alikuwa anafukuza yangu, ati ni yake, na yangu ni dume."

Madam alicheka hata akavua miwani.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkali, na ukali wake haukuchagua mahali. Mwezi wangu wa pili niliweka alama ya kushoto kwenye picha ya titi la kulia. Aliigundua mgonjwa akiwa bado amesimama pale, kifua wazi. "Toka," akaniambia mbele yake. "Rudi ukishajua kushoto na kulia." Nilienda kulilia kwenye stoo ya mashuka. Hakuniomba msamaha siku hiyo, wala siku nyingine. Kesho yake nilikuta nduma iliyochemshwa mezani kwangu, imefungwa kwa karatasi, bado ina moto. Alipita bila kunitazama.

Kanisani alikuwa mwimbaji, wa sauti ya tatu, na hakuwahi kukosa mazoezi ya Alhamisi. Lakini alipokuja mchungaji mmoja na mkewe, akataka kuomba ndani ya chumba kabla ya picha, Madam alimfungulia mlango wa kutokea.

"Omba, mchungaji, ni vizuri. Lakini ombea huko nje. Na usiombe picha iwe safi. Omba ionyeshe."

Mchungaji alimtazama mkewe. Kisha akatoka, na nadhani aliomba hivyo.

Mara nyingine ujuzi wake ulimpumbaza. Kulikuwa na msichana aliyekuwa karibu kuolewa, mwenye historia mbaya ya ugonjwa upande wa mama yake. Picha yake ilionyesha chembe nyingi karibu na kwapa. Madam alipima, akazihesabu, akaniita nizihesabu, akampigia daktari Nairobi. Msichana alikaa kwenye kiti akiwa ameshika shanga za mkononi kama anayeaga. Mwishowe nikauliza, kwa sauti ndogo, kama tumempangusa. Hatukuwa tumempangusa. Madam alichukua pamba na maji, akampangusa kwapa, tukapiga tena. Chembe zote zilikuwa poda ya kuzuia jasho. Yule msichana alitukumbatia sote wawili, na Madam akaniambia mbele yake, "Leo wewe ndiye Madam." Alikuwa mtu wa kulisema kosa lake bila kulizungusha. Au ndivyo nilivyomjua wakati huo.

Kisa ninachokisimulia zaidi ni cha Mama Nasieku. Alitoka Entarara, huko Loitokitok, mkulima wa vitunguu, na aliletwa na dada yake anayeishi Kitengela. Picha yake ya titi la kushoto ilikuwa na kikundi cha chembe saba au nane, zimesongamana mahali padogo kuliko punje ya mahindi. Uvimbe haukuwapo. Daktari alisema lazima tutoe kinyama hapo hasa, kipelekwe maabara.

Kazi hiyo inafanyika hivi. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, titi limebanwa na mashine. Unapiga picha mbili kutoka pembe mbili, na kompyuta inakuambia chembe ziko kina gani. Daktari anadunga ganzi, kisha anaingiza sindano nene yenye tundu ubavuni, na mashine ya kuvuta inanyonya vipande vyembamba kama tambi. Damu na maji vinapita kwenye mpira na kuingia kwenye chupa kubwa chini ya meza. Vile vipande tunaviweka kwenye kisahani na kuvipiga picha papo hapo, mgonjwa akiwa bado kwenye kiti, kwa sababu sindano haina macho. Chembe zikionekana ndani ya vipande, tumepata. Zisipoonekana, hatujui tumetoa nini.

"Nisitingishike?" Mama Nasieku aliuliza.

"Pumua, yeyo, lakini usitingishike," Madam akamwambia, kiganja chake kikiwa mgongoni mwake.

Daktari alitoa vipande kumi na viwili. Madam alivipiga picha. Hakukuwa na chembe hata moja. Daktari, kijana mpole ambaye alikuwa na wagonjwa wengine wakimngoja Nairobi, akaongeza sita. Hakuna. Tukapiga picha ya titi lenyewe kuona kama sindano ilienda kando. Mahali palipokuwa na chembe palikuwa na shimo dogo jeusi, safi.

"Zimetoka!" nikasema kwa furaha.

Madam alinigeukia. "Zimetoka. Ziko wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Ndani ya titi hazikuwepo tena, na kwenye kisahani hazikuwepo. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kurudia na sindano. Tungepeleka vipande vile, na maabara wangeandika, bila kusema uongo, kwamba wameona nyama ya kawaida. Mama Nasieku angerudi Entarara na barua safi.

Daktari aliacha alama ndogo ya chuma mahali pale, ili mpasuaji apajue siku akihitajika, akalegeza mashine. Mimi nikakandamiza shashi juu ya kidonda. Daktari akavua glavu, akafikiri kidogo.

"Madam, tutaandika tulivyoona. Tumfuatilie baada ya miezi sita."

"Daktari, mama ametoka Entarara. Miezi sita ikifika, atatoka huko tena kwa sababu gani, kama barua inasema yuko sawa?"

Kumwaga ile chupa ilikuwa kazi yangu. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye shashi, na wa pili ulikuwa tayari umeanza kunyooka kuchomoa mpira.

"Njeri, usiguse hiyo chupa."

Hakupaza sauti. Alivaa glavu mpya, akaanza na sindano: akakwangua tundu lake juu ya kisahani, akakipiga picha. Hakuna. Akakusanya shashi zote zilizotumika, hata ile iliyoanguka sakafuni, akazipiga picha. Hakuna. Akapitisha maji ya chumvi ndani ya mpira, tone kwa tone, akayapokea kwenye bakuli. Hakuna. Muda ulikwenda. Simu ya daktari iliita mara mbili. Mara ya pili aliizima.

Mama Nasieku alikuwa ametutazama wakati wote huo.

"Wanatafuta nini?" akaniuliza.

"Kitu kilichotoka kwako, mama."

"Kimepotea?"

Tulifundishwa kutomtia mgonjwa hofu. Madam alijibu kutoka mezani bila kugeuka.

"Kimepotea, yeyo. Kimepotea mikononi mwetu, si mwako. Tunakitafuta. Utungoje kidogo."

Mama Nasieku akapima maneno hayo. Kisha akasema, "Tafuteni tu. Mimi nimewahi kutafuta ng'ombe siku tatu."

Madam alikunja shashi mara tatu juu ya bakuli, akainamisha ile chupa, akaanza kuimimina damu taratibu kama mtu anayechuja dawa ya mtoto. Daktari akavaa glavu tena bila kuambiwa, akashika kingo za shashi. Mwisho wa chupa ukatoka mabonge ya damu iliyoganda. Madam aliyatandaza kwa ncha ya kibano, akaenda nayo kwenye mashine.

Nakumbuka sauti ya feni. Kisha Madam akavuta stuli, akakaa, akakuza picha. Kwenye bonge moja, kubwa kama punje ya maharagwe, zilikuwa tano, nyeupe, zimeshikana.

"Hizo," akasema.

Alilitoa bonge lile peke yake, akalitia kwenye kichupa chake, akaandika kwa mkono wake kwenye lebo: Kutoka chupa ya kuvuta. Chembe ziko hapa. Akapiga mstari chini ya neno la mwisho mpaka karatasi ikakwaruzika.

Majibu yalisema saratani, changa, bado iko ndani ya mirija ya maziwa, haijatoka nje. Ndani ya vile vipande kumi na vinane hakukuwa na kitu; ilikuwa kwenye lile bonge peke yake. Mama Nasieku alipasuliwa Nairobi, akapona, akarudi kwenye vitunguu vyake. Daktari yule aliweka sheria kwamba chupa haimwagwi mpaka chembe zionekane, na mpaka leo ukimuuliza sheria ilitoka wapi, anamtaja Madam.

Mimi nilimtazama siku ile nikaamua kwamba kuna watu waliozaliwa hivyo.

Alistaafu, akahamia Kimuka kwa mbuzi wake. Chumba kikabaki mikononi mwangu. Nilikuwa hodari, nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hilo halikunisaidia. Siku moja alikuja mama mmoja muuza chakula cha kuku kutoka Embulbul, tunayemwita Mama Shiro. Chembe zake zilikuwa chache, katika titi la kulia, mahali pagumu karibu na ukuta wa kifua. Siku ile stima ilipotea mara mbili tukabaki gizani, foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na daktari alikuwa mgeni. Vipande havikuonyesha kitu. Daktari akasema sindano ilikaa vizuri, inatosha. Picha ya mwisho ya titi hatukupiga. Na mimi, nikiharakisha kumwandalia nafasi mgonjwa mwingine, nilichukua chupa nikaimwaga kwenye sinki, maji yakienda. Niliikumbuka ile sheria ya chupa ikiwa imebaki nusu. Nikamalizia.

Barua ilirudi: nyama ya kawaida, chembe hazikuonekana. Daktari akatia sahihi, arudi baada ya mwaka. Mimi ndiye niliyempigia Mama Shiro kumpa habari njema. Alipiga kigelegele kwenye simu.

Nilikaa na kigelegele hicho wiki tatu. Nilijiambia barua ni barua. Nilijiambia daktari ndiye mwenye sahihi. Jumamosi ya wiki ya tatu nikaenda Kimuka.

Nilimkuta Madam ameketi barazani, beseni la njahi, yale maharagwe meusi, mapajani, akizichagua. Alikuwa amepungua sana, na shingo ya sweta ilikuwa kubwa kwake. Hakuniuliza habari za kituo. Aliniambia nikae, akanisogezea beseni, tukachagua pamoja huku nikimweleza yote, mpaka sinki. Nilipomaliza alichagua njahi nyingine kadhaa.

"Mimi pia nilimwaga," akasema.

Nikamtazama.

"Kabla hujaja. Kituo kingine, mashine ya zamani. Alikuwa mama wa Kajiado, mshona shanga. Vipande havina kitu, mimi nikamwaga, barua ikaja inasema yuko sawa. Nilijua ile barua haijui. Nikanyamaza. Nikasema, daktari ndiye ametia sahihi."

Maneno yake yalikuwa yangu, yale yale ya wiki tatu zile.

"Alirudi?"

"Baada ya miaka miwili. Na kitu kikubwa kama limau. Mimi ndiye nilimpiga picha. Tulipomaliza akanishika mkono, akasema asante kwa vile mnatuangalia."

"Ukamwambia?"

"Hapana." Aliokota jiwe dogo kwenye njahi, akalitupa uani. "Alikufa hajui. Nilienda hadi kwa mazishi, nikala chakula chao. Nyinyi mlikuwa mnasema Madam ana bidii, Madam ana macho. Mimi nilikuwa naogopa, Njeri. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa tu."

Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kunisamehe, na nilichopewa hakikuwa hicho. Nilihisi pia, na naona haya kusema, kwamba ananiibia kitu: yule mtu niliyekuwa nikimsimulia kila mahali.

"Huyo mama wa Embulbul yuko na simu?" akauliza.

"Iko. Ninayo namba."

"Mpigie daktari kwanza, asisikie kwa mgonjwa. Halafu umpigie yeye."

"Saa hii?"

"Ulikuja nikuambie nini? Kwamba ni makosa ya stima?" Alijiinua kwa kushika nguzo, akachukua beseni. "Piga. Mimi naenda nyuma. Hayo ni yenu."

Daktari alinisikiliza, kisha akasema, "Mwite." Nikampigia Mama Shiro. Alikuwa dukani, nilisikia mteja akiulizia chakula cha vifaranga.

"Mama Shiro, ni Njeri wa kile kituo cha picha Kitengela. Nina jambo gumu la kukuambia."

"Sema."

"Nilikuambia uko sawa. Barua ilisema hivyo, lakini hatukupata kile tulichokuwa tunatafuta. Pengine kiliingia kwenye chupa ya damu, na hiyo chupa niliimwaga mimi. Pengine bado kiko kwako. Hatujui. Tunaomba urudi."

Mteja aliuliza tena. "Ngoja kidogo," Mama Shiro akamwambia, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Nilimsikia akitembea, mlango ukifungwa.

"Na usingenipigia?" akaniuliza.

"Usingejua."

Alipumua. "Wewe ndiye utakuwa hapo?"

"Kama utakubali."

"Nataka uwe wewe. Na hiyo picha nitaiangalia mimi mwenyewe, kwa macho yangu."

Madam aliporudi hakuuliza amesemaje. Aliuliza siku. Nikamwambia Jumatatu. Akaitikia kwa kichwa, akanipa chai.

Jumatatu nilipofungua mlango kumwita mgonjwa wa kwanza, Madam alikuwa ameketi kwenye benchi ya wagonjwa, katikati ya watu, amejifunga kitambaa kichwani kama mama yeyote aliyekuja kupimwa. Wafanyakazi wapya hawakumjua. Mama Shiro alikuwa ameketi kando yake. Nilifungua kinywa kumwamkia, naye akanitazama kwa jicho ambalo nililijua, nikakifunga.

Ndani, tulipiga picha ya kwanza. Nilimgeuzia Mama Shiro skrini, nikamwonyesha. Chembe zilikuwa pale pale, zote. Sindano ilikuwa imepita pembeni yake. Tulikuwa tumezikosa tangu mwanzo, na kama tungepiga ile picha ya mwisho tungejua siku hiyo hiyo.

"Kwa hivyo haikuwa chupa," akasema.

"Haikuwa chupa. Lakini sikuwa najua hivyo nilipoimwaga."

Alizitazama kwa muda. "Ni ndogo hivi," akasema, akaketi kwenye kiti.

Zilionekana kwenye kipande cha nne. Daktari alizihesabu kwa sauti ili Mama Shiro asikie. Nilitoka haraka kwenda koridoni. Madam alikuwa pale pale, mkoba wa Mama Shiro mapajani, sweta lake limekunjwa vizuri juu ya mkoba.

"Zimepatikana?"

"Zimepatikana."

Alisimama, akanipa mkoba na sweta. "Mpe mwenyewe," akasema, akashuka ngazi akishika ukuta. Sikumfuata, nilikuwa na mgonjwa. Sijamwona tena kituoni tangu siku ile.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Ilikuwa saratani, lakini ya mwanzo kabisa, ya kutolewa na kumalizika. Mama Shiro amepasuliwa na amerudi dukani. Ananisalimia kama mtu anayenijua vizuri, bila kutabasamu sana.

Jumatatu ile, nilipokuwa nikimfunga bandeji, aliniuliza kuhusu yule mama mzee aliyemshikia mkoba.

"Naye pia alikuja kupimwa?"

"Hapana. Ni mwalimu wangu."

Mama Shiro alinyoosha mkono kwenye sweta, taratibu, akiogopa maumivu.

"Nilidhani ni mgonjwa," akasema. "Alinishika mkono tukingoja. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi."